Fukizo Linalombana Kifua Mama Pétronille

KALEMIE, Agosti 1991. Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Pétronille Kisimba anaburuta cherehani yake kutoka chumbani hadi barazani. Anakaa, anavuta pumzi, anasikiliza kama kifua kitapiga filimbi. Kimenyamaza. Anaanza kushona.

Ana sare arobaini za wanafunzi za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Amemaliza tisa tu. Tangu mvua za mwaka jana, akikaa saa moja ndani ya chumba chake cha kazi, katika nyumba ya zamani karibu na stesheni, anapiga chafya mfululizo na pumzi inamkata.

"Nikienda Niemba ku shamba, napumua muzuri. Nikirudia hapa tu, kifua inafunga. Sijue njo nini," anasema.

Majirani wanajua, au wanajifanya kujua. Cherehani aliinunua kwa mjane wa fundi aliyekufa akikohoa. Mama Bibiane, anayeishi ukuta kwa ukuta naye, anaona marehemu bado anaidai mali yake.

"Uzisha ile mashini, Mama," alimshauri. Mnunuzi akapatikana Kabalo. Anatarajiwa na treni ya leo, Jumamosi. Pétronille ana watoto wanne na hajui kazi nyingine.

Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka. Barazani cherehani ilikuwa ileile, na kifua kilikuwa shwari. Lakini jioni, akijifukiza mvuke wa majani ya mikaratusi chini ya blanketi, kama mama yake alivyomfundisha kule Moba, kifua kilimbana kupita mchana. Akadhani fukizo ni dogo. Akajifukiza mara mbili kwa siku, na akazidi kuumwa.

"Mashini inaniacha muzima, dawa njo inaniangusha. Sasa nikimbie gani?" alikuwa akijiuliza.

Jumatano, muuguzi Adalbert Mulonda alileta suruali ya kupunguzwa, akamkuta amejifunika gubigubi, anahema.

"Mama, hii blanketi unailazaka wapi?"

Alimwonyesha: chini ya rafu ya chumba cha kazi, juu ya rundo la vipande vya vitambaa alivyotunza miaka kumi na mmoja, maana fundi wa kweli hatupi kipande. Muuguzi akavuta rundo. Mende wakamwagika sakafuni, na chini yao kukabaki maganda na kinyesi cheusi, tele kama unga wa kahawa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na safari hii hawakutania.

Muuguzi alimweleza kwamba uchafu wa mende ukikauka huwa vumbi, na kuna watu ambao vumbi hilo likiwaingia, njia zao za hewa huvimba na kubana. Chini ya blanketi alikuwa akilivuta lote peke yake.

Pétronille alibisha. Mwezi Juni alipuliza dawa, mende wakafa, na yeye hakupata nafuu.

"Walikufa, lakini uliwatosha?" aliuliza Papa Adalbert. Hakuwa amewatoa.

Hata sasa, akiunga pindo barazani, hajasadiki. "Mende haina hata meno ya kuuma muntu. Na ile imeshakufa, inanikamata namna gani?" Anacheka kidogo, kisha anatazama mlango wa chumba kama mtu aliyedanganywa na nduguye.

Muuguzi naye hakuahidi makubwa. Amemwambia atupe vipande vyote, apige deki badala ya kufagia vumbi, azibe nyufa, aache kujifukiza, na pumzi ikimkata tena akimbilie dispensari bila kungoja. Baada ya wiki tatu wataangalia kama amepata nafuu.

Vipande vilitupwa jana. Ilimuuma; kimoja kilikuwa cha gauni la ubatizo wa kifunguamimba wake. Uani, sufuria kubwa ya kufukizia iko motoni, na ndani yake linachemka blanketi.

Honi ya treni inasikika upande wa stesheni. Pétronille anainua kichwa, anavuta pumzi, anasikiliza kifua.

Na mnunuzi wa Kabalo?

"Aje tu," anasema, akikanyaga pedali. "Nitamushonea suruali."