Mgeni Niliyemchukua Steji

Kanisa letu la Manyatta lilinituma steji ya mabasi kumpokea Mama Aline, mkimbizi kutoka Kongo tuliyemtafutia nyumba. Picha yake sikuwa nayo, lakini nilijiamini kwamba mtu aliyeteseka ningemtambua kwa uso tu. Nikamwona mama mmoja amekalia mzigo wake, amechoka kabisa.

"Mama, wewe ndiye mgeni wetu?"

"Ndiyo mimi. Nimewangoja sana."

Nikabeba mzigo. Kina mama wa kanisa wakampokea kwa nyimbo, wakampa blanketi, sufuria na samaki wa kukaanga. Akafuta machozi, akasema hakujua angependwa hivi. Basi nami nikasimama, nikakohoa kidogo kama askofu.

"Mama, yaliyopita yamepita. Hapa hakuna atakayekufukuza tena."

Akaacha kula. "Kwani nani amenifukuza kwetu Muhoroni? Nyinyi si ndio wakwe? Mimi ni mama yake Akinyi, anayeolewa na kijana wenu."

Kina mama wote wakanigeukia. Papo hapo simu yangu ikalia.

"Papa," sauti ya upole ikasema, "ni mimi Aline. Tungali hapa steji na watoto."