Mtoto Huyu Hasikii

Fimbo mbichi ya mpera hulia kabla haijatua mwilini. Kwanza husema fyuu, kisha ndipo mtu apige kelele. Sauti hiyo ndiyo ninayoikumbuka mwanzo nikiufikiria mwaka ule kijijini kwetu Kibuta, enzi za Mwingereza, mimi nikiwa na miaka kama minane na dada yangu Tabu akinizidi miwili. Kwetu mtoto wa kike akiitwa na mkubwa huitika "Abee" papo hapo, wala hangojwi kuitwa mara ya pili. Mwishoni mwa masika Tabu aliugua surua, masikio yakamtoka usaha, akapona, tukashukuru. Tangu hapo ukimwita akiwa amekupa mgongo, kimya. Baba alivumilia mara mbili, ya tatu akakata fimbo. "Mtoto huyu hasikii," alisema. Mama naye akasema hivyo, na mwalimu wa chuoni, tulikosoma Kurani, akasema hivyo huku akimchapa bakora za nyayo. Lugha yetu humwambia kiziwi "hasikii" na mkaidi "hasikii", na sisi sote tulishika la ukaidi, kwa kuwa ukaidi tuliujua dawa yake. Alipigwa asubuhi kabla ya uji na jioni baada ya kuteka maji.

Nami nilimpiga, sitajificha nyuma ya utoto. Nilimwita kisimani anitwishe debe, hakugeuka, debe likaniponyoka na maji yote yakamwagika. Nikamrukia, nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu. Hakunirudishia. Alinitazama mdomo tu, akingoja kujua kosa lake. Baadaye akabuni ujanja wake: akiona mdomo wa mtu yeyote unacheza, huitika. Baba akitafuna muhogo, "Abee!" Bibi akivuta uradi, "Abee!" Sisi watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu, baba akaona anafanyiwa dhihaka mbele ya watu wake, na Tabu akala fimbo nyingine.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," baba alipenda kumwambia akimaliza kumchapa. Basi siku moja yeye na ami yetu walikuwa wakiangusha mnazi uliokauka kilele nyuma ya nyumba. Tabu alikuwa ameinama akiokota makumbi. Mti ukaanza kulia shinani. Baba akapaza sauti, "Tabu, toka! Toka hapo!" Mimi nilikuwa mlangoni, nikamwona dada anapanga makumbi yake tengani bila haraka yoyote. Mnazi ulidunda chini, ukabingirika, ukamvunja mguu chini ya goti, na mfupa nikauona kwa macho yangu, mweupe kama nazi. Na baba, Mungu amrehemu, alipomaliza kuliondoa gogo lile, jambo la kwanza alilofanya ni kumzaba mwanawe kofi. "Hata kufa huogopi!" alimpigia kelele, huku analia.

Tulimbeba kwa kitanda hadi zahanati ya Kisarawe. Dresa, mfunga vidonda wa pale, alimfunga mguu kwa vibao, akawa anamsemesha kutoka nyuma, kisha akatugeukia.

"Mzee, mtoto wako hasikii," alisema.

"Najua, bwana dresa," baba akajibu. "Nimempiga sana, lakini hasikii."

Dresa akachukua bakuli la bati, akaligonga kwa mkasi kwa nguvu nyuma ya kichwa cha Tabu. Sote tuliruka. Tabu aliendelea kuchezea ukosi wa gauni lake.

"Masikio, mzee. Masikio yake ndiyo hayasikii."

Baba alitoka nje bila kuaga. Tulimkuta nyuma ya zahanati anajigonga kichwa ukutani, chokaa imeshika damu, na watu wawili wanamvuta kwa kanzu yake.

Ni dresa huyo aliyetuambia kuwa Dar es Salaam kuna duka linalouza mashine ya kusikilizia. Baba akaweka rehani minazi yake yote, mama akauza cherehani yake, na mguu ulipounga tukapanda lori watatu: baba, Tabu na mimi niliyemwelewa ishara zake. Muuzaji alimvika Tabu kisanduku kifuani, akamtia waya sikioni, akazungusha kitufe. Baba akasimama nyuma yake, akaita kwa sauti ya kawaida, "Tabu." Dada akageuka. "Abee, baba." Sijapata kumwona mwanamume akikaa sakafuni dukani kama baba alivyokaa siku ile. Kisha akafungua kitambaa chake, akamwaga fedha zote mezani. Muuzaji alizitazama, akasema, "Hizi zinatosha betri." Bei ya mashine yenyewe baba asingeifikia hata kwa minazi ya ukoo mzima. Muuzaji aliponyoosha mkono kuvua ule waya, baba aliudaka mkono wake, akaukunja, meza ikapinduka na vioo vikavunjika. Askari akaja na rungu. Alimpiga baba shingoni, mgongoni, na alipoanguka akampiga tena. Tabu alisimama kakumbatia kisanduku, waya ungali sikioni, na kila pigo alilisikia. Walipomnyang'anya walivuta mpaka ndewe ikachanika.

Hakusikia tena mpaka anaingia kaburini. Aliolewa, akazaa, akachechemea miaka yake yote, na baba hakumnyanyulia mkono tena, wala yeyote kati yetu. Lile bega nililoling'ata niliwahi kulishika mara moja tukiwa wazee, nikitaka kumwomba radhi, lakini sikujua ishara ya neno hilo, naye akadhani nataka kumkanda.

Leo vyombo hivyo ni vidogo kama punje ya kunde. Mjukuu wake Tabu, Zuhura, anavyo viwili, anasoma Kongowe ya Kibaha. Nyumbani anasikia vizuri. Darasani kuna kelele za watoto wengi, sauti ya mwalimu inapotea, na fundi wa masikio anasema pamepungua kidude kimoja: mwalimu hukivaa shingoni, na sauti yake huingia moja kwa moja masikioni mwa mtoto. Nilipoambiwa bei yake nilidhani wanataja bei ya pikipiki. Baba yake Zuhura amesema tungoje mwakani. Juzi mtoto amerudi na alama tatu za fimbo mgongoni, kwa kosa la kutojibu swali aliloulizwa. Nikamwita dalali siku hiyo hiyo, nikauza kiwanja changu cha pekee, nikanunua kile kidude. Wanangu wamekasirika, hawapokei simu zangu. Mkubwa wao alikuja kuniuliza, sasa nikifa watanizika wapi. Nimemwambia hajapata kutokea maiti aliyekosa pa kuzikwa.