Koili ya Mama Shiro

Koili mpya ya jiko la stima ikiwashwa mara ya kwanza hutoa harufu ya vumbi na mafuta yanayoungua, harufu kali inayokaa kooni hadi jioni. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, katika karakana ya Baba mtaani Landless, Thika, ambako alitengeneza pasi, birika na majiko ya koili. Baba alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata mteja akimfokea: jiko halikutoka mezani kabla ya kupimwa na kubandikwa karatasi chini yake, yenye volti, ampea, omu na wati. Aliyesoma mita na kuandika karatasi hiyo nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye stuli iliyokuwa kulia kwake, na wateja walijua stuli hiyo ni ya nani. Hesabu zenyewe alizifanya Baba. Mimi niliandika tu alichosema, lakini nilijivuna kama niliyeuvumbua umeme.

Likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, Njeri, binti ya shangazi yangu wa Gitothua kule Ruiru, aliletwa kukaa nasi kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa. Nilimwonea huruma kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu nilisoma mita kwa sauti, volti mia mbili arobaini, ampea tano, na kabla Baba hajapiga hesabu Njeri akasema kutoka mlangoni, "Omu arobaini na nane, Anko. Na wati elfu moja mia mbili." Baba akageuka. "Umejuaje?" Njeri akajibu kwamba ukigawa volti kwa ampea unapata omu, ukizizidisha unapata wati, ni hivyo tu. "Waah! Haka kasichana kako na kichwa," Baba akasema, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia akinichekea mimi. Kufikia Ijumaa Njeri ndiye aliyekalia stuli yangu, nami nilitumwa kununua maziwa.

Sitaki kupamba nilichohisi. Ulikuwa wivu. Nilichukia mwandiko wake safi, nilichukia alivyosema "Anko", nilichukia hata alivyolia usiku akimkumbuka mama yake, kwa sababu asubuhi Baba alimpa chai ya kwanza. Nilijaribu kukariri kugawa na kuzidisha, lakini nikiulizwa mbele yake nilizichanganya, na Baba alisema kwa upole, "Wangari, wewe ngoja kwanza." Upole huo uliniuma kuliko kofi.

Ndipo Mama Shiro, aliyeuza chai na mandazi kwenye kibanda cha jirani, alipoleta jiko lake. Baba alimwachia Njeri kazi yote: kukata koili, kuipima, kuandika karatasi. Alimwonya Mama Shiro, "Hiyo waya yako ya kuleta stima kibandani ni nyembamba, isibebe zaidi ya ampea tano," na Njeri akaitoa koili ikiwa ampea tano kamili. Walipoenda kula, nilibaki na koleo. Nilifikiri hivi: kinachowaka ni waya, basi waya ikipungua moto utapungua, chai haitachemka, na Njeri ataaibika. Nikakata karibu sehemu moja kwa sita, nikaivuta iliyobaki ijae mifereji ya kigae cha jiko isijulikane. Hakuna fundi ambaye angekosea hivyo. Ni mtu aliyezoea kuandika majibu ya wengine tu.

Kesho yake Mama Shiro alikuja akiimba. "Hii koili ni moto, jameni! Chai inachemka kabla sijakata mandazi!" Akampa Njeri mandazi manne. Mimi akanipa moja, lililoungua. Nilienda nyuma ya karakana nikiwa nimevimba kwa hasira, nikachukua kipande cha boksi na kalamu, maana nilitaka kujua ni uchawi gani huo. Koili ilikuwa omu arobaini na nane; nimeondoa sehemu moja kwa sita, omu nane, zimebaki arobaini. Mia mbili arobaini ukigawa kwa arobaini ni sita. Ampea sita, wati elfu moja mia nne na arobaini: waya fupi huzuia umeme kidogo, basi moto ulikuwa umezidi, haukupungua. Ilikuwa hesabu ya kwanza niliyoifanya peke yangu maishani, na ilipotoka sawa niliitupa kalamu, kwa kuwa ile waya nyembamba ya Mama Shiro, ya ampea tano, ilipita nyuma ya mapazia ya kibanda na mtoto wake alilazwa pale pale.

Nilikimbia. Nilimkuta Njeri ameshafika, ameshachomoa plagi iliyoanza kuyeyuka, na mtoto yuko nje mgongoni mwa mama yake. Sifa zile za chai kuchemka upesi zilikuwa zimemtia Njeri wasiwasi. Baba alipofika, Njeri alinitazama, akaona koleo mfukoni mwangu, akasema, "Ni mimi, Anko. Nilikata vibaya." Nililisukuma koleo ndani zaidi ya mfuko. Baba akamshika bega. "Nimefanya kazi na wazee wazima wakisukumia wenzao makosa. Wewe umesema. Twende, kazi ni nyingi."

Siku hizi Njeri anasimamia mota za kiwanda kimoja hapa Thika, nami nafundisha fizikia katika shule ya upili huko Ruiru. Wanafunzi wangu hugawa na kuzidisha bila kutetemeka, na wengi wamenipita kwa wepesi, wala siumii. Baba amezeeka na anasahau mengi, lakini siku hiyo hajaisahau. Krismasi iliyopita aliwasimulia wajukuu jinsi Njeri alivyokosea mara moja tu na kusema ukweli, na macho yake yakalowa. Njeri aliinamia sahani yake. Nilifungua mdomo ili niseme hatimaye, na nikagundua kwamba sikutaka kusamehewa. Nilitaka Baba anitazame mimi vile alivyomtazama Njeri siku ile, kwa kosa lililokuwa langu.