Uzito wa Mwanamke Mwingine

Wamama wa nyumba za laini za reli, hebu niambieni: mume wangu anajuaje uzito wa mwanamke mwingine?

Nabandika karatasi hii hapa bombani kwa sababu wanaume hawateki maji.

Tangu asubuhi Baba Njeri ameinama ndani ya gari la yule mjane mwenye duka la nguo kule Bondeni. Eti kiti cha mbele kimekataa kulala nyuma.

Kitanda chetu kinayumba tangu Krismasi. Hicho hakioni.

Saa nane akaniita. "Mama Njeri, hebu kalia hapa nione."

Nikakaa. Kiti kikalala polepole, laini kabisa, hata nikafumba macho kidogo. (Sitadanganya, ni kitamu.)

Akacheka. "Sawa! Kitamfaa. Nyinyi wawili uzito ni mmoja."

Uzito ni mmoja!

Nikashuka. Alipoenda kunawa mikono, nikafungua nati moja ambayo alikuwa hajaikaza, nikaifunga kwenye pindo la leso yangu.

Akarudi, akajaribu kiti. Kikagoma tena.

Karibu nicheke. Lakini yeye akakuna kichwa, akasema, "Basi kesho nimwite mwenyewe aje akikalie, tukitengeneze pamoja."

Pamoja!

Sasa nati iko hapa lesoni na mimi sina raha. Niirudishe ama niitupe chooni?

Penseli nimeifunga kwa uzi hapo kando. Andikeni upesi, huyo mjane huamka mapema.