Pini za Mashine ya Theluji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Mimi, fundi wa jenereta niliyetoka Tanga na cheti ndani ya bahasha ya plastiki, nikafagia yadi ya karakana ya Industrial Area, kule Doha, mpaka adhuhuri, na vumbi likarudi palepale nilipolitoa. Mudir, yaani meneja wetu, alipita na gari, akateremsha kioo na kuniuliza kama najua sheria ya kazi. Aliniuliza kwa kile Kiarabu cha vibarua ambacho sote tulikizungumza vibaya na bado tukaelewana. Nikamjibu sijui. Akasema, "Hapa hakuna neno haiwezekani. Mteja akitaka, inawezekana." Akapandisha kioo akaenda zake. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuipenda sheria ile, na leo naichukia zaidi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, minara ya West Bay ndiyo inaanza kuota. Kazi yetu ilikuwa pampu za maji, kompresa, jenereta na mashine za kushindilia ardhi. Msimamizi wa karakana, mtu mwema lakini mwoga, alinitoa kwenye ufagio baada ya kuniona nikifufua pampu iliyowashinda wenzangu. Hapo nikajifunza desturi ya pale: kitu kikikatika, weka kigumu kuliko kilichokatika. Bolti ikikatika, weka ya chuma kigumu. Mkanda ukikatika, tafuta mnene zaidi. Wasimamizi wa majengo hawakutaka kumwona fundi mara mbili kwa ugonjwa mmoja, na mara nyingi desturi hiyo ilifaa kweli.

Nilimkuta pale Wafula, Mkenya wa Bungoma, rika langu. Yeye aliosha mashine kwa maji ya presha kabla hazijaingia kwa mafundi. Alikuwa na sikio. Injini ikinguruma mara moja tu, alikwambia ugonjwa uko wapi, na mara chache alikosea. Lakini kwenye karatasi aliandikwa kibarua, na kibarua alibaki kibarua. Alichokitaka duniani ni kimoja, aandikwe fundi, na Mudir alikwisha kumwahidi hivyo mara nyingi kiasi kwamba sisi tuliifanya ahadi ile kuwa utani. Wakati huo mtu hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ridhaa ya kafili wake, yule aliyemleta nchini. Kwa hiyo Wafula alikaa, akaosha, akangoja.

Kampuni ilipofungua duka la mashine za bustani mtaa wa Al Sadd, mimi na Wafula tulihamishiwa huko. Ndipo ikaja habari ya theluji. Cheka tu, hata sisi tulicheka. Bwana mmoja mkubwa, mteja wa siku nyingi tuliyemwita Arbab kama vibarua wote wanavyomwita tajiri, alikuwa amejenga nyumba ya mapumziko milimani, ng'ambo, kwenye baridi. Barabara ya kutoka getini mpaka kwenye gereji yake ilifukiwa na theluji kila msimu. Alitaka mashine ya kuiondoa, na ya kazi nzito, siyo ya mchezo. Tena alitaka kuichagua mwenyewe hapahapa Doha, mbele ya nyumba yake, kabla haijasafirishwa.

Zikaletwa mbili, nyekundu na ya manjano. Vijana wangu, kama riziki itawapeleka nchi za baridi, nawaeleza mapema. Mbele pana mdomo, na ndani ya mdomo skrubu kubwa inayokusanya theluji na kuisukuma katikati. Nyuma yake ipo feni ya chuma inayoirusha nje kupitia shingo ndefu, nawe unaigeuza shingo ili usimrushie jirani. Nyekundu ilikuwa na mdomo mpana na matairi, inakwenda haraka na kugeuka kirahisi. Ya manjano ilikuwa na mdomo mwembamba na minyororo kama ya tingatinga, nzito kugeuza, lakini haitelezi mlimani. Barabara ya Arbab ilikuwa na mwinuko, hivyo mimi nilimwambia Mudir ya manjano ndiyo inayofaa. Mudir alitaka nyekundu iuzwe. Ilikuwa ya bei, na ilikuwa imekaa ghalani muda mrefu.

Sasa theluji ya majaribio utaitoa wapi Doha? Mudir akatuma lori soko la samaki, tukaletewa barafu. Tukaimwaga kwenye yadi ya duka, paka wote wa Al Sadd wakahamia kwetu. Barafu ile haikuwa theluji hata kidogo. Iliyeyuka kidogo, ikashikana, ikawa mabonge magumu kama mawe, mengine yana vichwa vya samaki ndani. Tukaiwasha nyekundu. Ikala kidogo, mara skrubu ikasimama na injini inaendelea kunguruma.

Nikafungua nikaona pini zimekatika. Pini hizo ni vijiti vya chuma laini vinavyoishikilia skrubu kwenye mhimili wake. Vimetengenezwa vikatike. Skrubu ikigonga kitu kigumu, pini inakubali kufa ili giaboksi ipone. Tukaweka nyingine, zikakatika. Tukaweka tena, zikakatika, na za akiba zikaisha. Mudir akasema tufunge bolti ngumu kama tulivyozoea. Nikamwambia hapa desturi yetu itatuponza, pini ikikataa kukatika kitapasuka kikubwa. Nikamshauri tupondeponde barafu kwanza. Akaniambia nikakae dukani, akamwita Wafula. Mbele yangu akamwahidi kwamba akizifunga bolti na kuiendesha mashine vizuri mbele ya Arbab, wiki ijayo anaandikwa fundi.

Nilimfuata Wafula tulipokwenda kula. Nilimsihi, nikamweleza habari ya giaboksi yote, kana kwamba haijui. Alinisikiliza akimega chapati.

"Najua, Fundi," akasema. "Lakini wewe uko na cheti. Mimi niko na mpira wa maji. Wacha nifunge hii kitu, labda itashika kwa hiyo siku moja."

Haikushika. Alasiri ile kwa Arbab, nyuma ya West Bay, ambako nami nilichukuliwa kusaidia kushusha mashine, barafu ilitandazwa juu ya mawe meupe ya njia ya gari. Mama mzazi wa Arbab aliketi kivulini, amejifunika pua kwa shela kwa ajili ya harufu ya samaki. Wafula alivaa ovaroli mpya. Aliianza vizuri, barafu ikaruka juu kama maji ya chemchemi, na Arbab akacheka kama mtoto. Kisha skrubu ikalikamata bonge moja kubwa. Bolti hazikukatika. Ukasikika mlio mmoja mkavu, giaboksi ikapasuka, na oili nyeusi ikatambaa juu ya mawe meupe mpaka karibu na miguu ya mama.

Arbab aliinama, akaziona bolti. Akauliza nani kafunga hizi. Mudir akamnyoshea kidole Wafula, akasema huyu ni mwosha mashine tu, kajifanya fundi.

Mimi sikunyamaza. Nilisema mbele yao wote kwamba Mudir ndiye aliyeamuru, na kwamba mimi nilimkataza. Arbab akamtazama Mudir. Mudir akacheka, akasema hawa Waafrika hulindana. Basi, ikaishia hapo. Arbab akasema atachukua ile ya manjano, mawe yasafishwe kabla ya magharibi. Wafula akapiga magoti na kuyasugua, ndani ya ile ovaroli mpya.

Viza yake ilifutwa wiki ileile aliyoahidiwa kuandikwa fundi. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari la kampuni. Hakulia wala hakutukana. Alisema tu, "Kitu kubwa ndiyo imepasuka, Fundi, lakini mwenye anatolewa ni mimi." Mimi nilirudishwa Industrial Area, ghalani, kuhesabu vipuri, na huko nikabaki mpaka macho yalipoanza kunisumbua nikaomba kuondoka.

Siku ya kuniaga walinikatia keki. Mudir, nywele zimekwisha kuwa nyeupe, alinisifu kwamba miaka yote sikuwahi kumletea matatizo. Fundi mpya alisimama pembeni, mtu wa Kondoa, ameshashika spana zangu za zamani. Nilimwambia neno moja tu la kazi, kwamba pini ikikatika aweke pini. Akatabasamu akajibu, "Mafi mushkila," hakuna tatizo, na nikajua kwamba hakunisikia.

Wafula sasa anatengeneza mashine za kusaga unga kwao Bungoma. Watu wanamwita fundi. Hunipigia simu siku za sikukuu, ananiulizia macho yangu, ananiambia yale ya Mudir alikwisha kumwachia Mungu. Namwitikia amina, kwa sababu ni mtu mwema na sitaki kumharibia amani yake. Lakini Mudir hajamwomba msamaha. Ningali nausubiri, kwa niaba ya Wafula.