Nasaba ya Gari Jeupe

Kikombe cha tatu cha kahawa ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mzee aliyeniuzia gari, kule mitaa ya kale ya mjini, mwanangu kalala mapajani, na nilikuwa nimeshauliza swali moja kwa kila namna ninayoijua: rejeta ya gari hili imewahi kushughulikiwa lini, na nani? Mzee akanimiminia tena. Akaniambia kwa upole uleule kwamba gari lile kabla ya kufika kwake lilikuwa mikononi mwa shemeji yake, mtu wa swala tano, na kabla ya shemeji lilikuwa la mwalimu wa kike aliyekwenda nalo shule na kurudi, basi.

Nikaweka kikombe chini.

"Mzee wangu, mimi sikuja kuposa," nikasema. "Nimekuja kuuliza habari za rejeta."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajitanda kanga upya kama mtu aliyepigwa na upepo. Mzee akatabasamu.

"Binti yangu, una hasira. Kunywa kahawa."

Kwetu kitu hujulikana kwa nyumba kilikotoka. Kijana akija kuposa, hakuna anayemuuliza kazi kabla hajaulizwa ni mtoto wa nani, mama yake katoka ukoo gani, bibi yake kazikwa wapi. Ni utaratibu mzuri, na umetuepusha na wakwe wengi wabaya, ingawa si wote. Tatizo ni kwamba tumeubeba mzimamzima tukaenda nao kununua magari.

Mimi natengeneza juisi ya nanasi na kuiuza mjini. Mananasi nayafuata Kiwangwa, na kabla ya gari nilikuwa nikiyafuata kwa bodaboda, viroba nyuma, mtoto kifuani. Ndiyo maana nilitaka gari. Sikutaka la kifahari. Nilitaka chuma cha kumweka mwanangu ndani, kiende na kirudi.

Siku ya kwenda kuliona nilifuatana na shangazi yangu, maana mwanamke haendi kununua kitu kizito peke yake. Kabla boneti haijafunguliwa, shangazi na mzee walikuwa wameshagundua kwamba bibi zao walichezwa ngoma ya unyago msimu mmoja. Shangazi akanigeukia akaniambia hapa nimefika. Sasa mimi nimemaliza kidato cha nne, na najua kwamba injini haisaidiwi na bibi wa mtu, kwa hiyo nikauliza kumbukumbu za sevisi. Mzee hakukasirika hata kidogo. Akafungua mlango wa dereva, akanionyesha kibandiko kidogo kilichochakaa, kimejaa herufi za Kijapani.

"Historia kamili hii hapa," akasema. "Wajapani hawaachi kitu."

Hakuna kati yetu aliyeweza kukisoma. Shangazi alikitazama kwa heshima, kama anavyotazama cheti cha hospitali. Nami nilikuwa nimekwenda pia na fundi wa mtaani kwetu, anayetengeneza magari ya kila mtu, alikague. Fundi akaliwasha, akakanyaga mafuta, akainamisha kichwa kusikiliza, akasema linaunguruma vizuri, nichukue. Nikachukua.

Kwa muda lilikwenda na kurudi, nami nikajiona mtu. Kisha siku moja natoka Kiwangwa, mananasi yamejaa nyuma, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho na moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikaegesha, nikamtoa mtoto, nikamfunga mgongoni. Yeye alikuwa akipiga makofi, alidhani moshi ule umeandaliwa kwa ajili yake. Mimi nikafungua boneti, nikaushika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa ili niufungue nitie maji. Dereva wa lori la mihogo alisimama katikati ya barabara akanifokea niache. Akashuka, akaniuliza kama nataka kumchemsha mtoto. Nikauachia mfuniko, kwa sababu ndicho nilichokuwa karibu kukifanya. Maji yale yangeruka usoni kwangu, na kilichopita bega langu kingemfika mtoto mgongoni.

Gari likavutwa mpaka kwa fundi wangu. Maji aliyoyamwaga yalikuwa na kutu, mekundu kama chai ya rangi. Akaniambia thamostati haipo, kile kidude kinachoamua maji ya injini yazunguke lini. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililonishangaza mimi.

"Nani kaitoa?"

"Nilitoa mimi," akasema, huku anafuta mikono. "Tangu ikiwa kwa shemeji yake yule mzee hii gari inachemsha. Ukiitoa inapoa kidogo."

"Na siku uliyokuja kunikagulia?"

"Uliniuliza inaungurumaje, dada. Inaunguruma vizuri. Halafu yule mzee ni mtu wangu. Ningeanzaje?"

Ningeanzaje. Pwani yetu tumefundishwa kusitiriana, na mimi naamini ni jambo la thawabu. Mtu akiwa na deni, msitiri. Akiwa na kidonda, msitiri. Lakini hawa walilisitiri gari. Shemeji alijua, mzee alijua, fundi alijua, nadhani hata yule mwalimu wa kike alijua. Historia kamili ya sevisi ya gari lile ilikuwepo, na ilikuwa kamili kweli, ila iligawanywa katika vifua vya waungwana wanne na kila mmoja alikaa na kipande chake kwa adabu.

Ndipo nikaenda kwa mzee. Mara ya kwanza nikapewa kashata. Mara ya pili nikapewa pole. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya vikombe vitatu. Nilipokataa kahawa nikamuuliza moja kwa moja kama alijua gari linachemsha.

"Kuchemsha si ugonjwa, binti yangu," akasema. "Ni tabia. Kila gari lina tabia yake."

Nikambeba mwanangu nikaondoka bila kuaga vizuri. Kabla sijafika nyumbani shangazi alikuwa ameshapigiwa simu. Eti nimemvunjia mtu mzima heshima mbele ya mkewe. Jioni hiyo ukoo ulinikalia kikao, na nilisomewa makosa yangu yote tangu chekechea, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. Nikawaza kwamba laiti gari lile lingewekewa kumbukumbu kama zangu, nisingelinunua.

Asubuhi nikachapisha barua kwenye duka la steshenari, nikaipeleka kwa mtendaji wa kata. Naye, kabla ya kuisoma, akaniuliza huyo mzee ni mtoto wa nani. Nikamjibu kwamba hilo nalijua mpaka kwa babu yake wa tatu, lisilojulikana ni lingine. Akanishauri tukayamalize kifamilia. Nikamwambia huko nimetoka, na kahawa bado inaninyima usingizi. Akaisoma, akaniomba nifute neno "alijua". Nikakataa. Akaitazama tena, akagonga muhuri, nami nikadai nakala yangu igongwe pia. Chini ya majina na anwani, imeandikwa hivi:

YAH: KUUZIWA GARI BOVU KWA KUFICHWA HALI YAKE

Mimi mlalamikaji niliuziwa gari dogo jeupe na mzee aliyetajwa hapo juu. Alijua kwamba linachemsha, hakusema. Fundi aliyelikagua ndiye aliyeitoa thamostati yake, naye hakusema. Namleta kama shahidi, na namlalamikia pia. Naomba muuzaji alichukue gari lake na anirudishie fedha zangu. Akishalichukua, naomba aamriwe asiliuze kwa mtu mwingine bila kumwambia ukweli huu kwa maandishi. Gari lilipochemsha, mwanangu alikuwa ndani.