Safari ya Kuuomba Mchezo kwa Rubani wa Bunia

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya mchezo wa kuigiza ambao sikuwa na ruhusa ya kuucheza. Niliuona kwenye simu ya binamu yangu, umerekodiwa vibaya, sauti inakatika, na bado nililia mpaka chai ikapoa. Uliandikwa na mzee mmoja wa Bunia, Faustin, aliyekuwa rubani wa helikopta jeshini kabla hajageuka mwandishi wa michezo. Kikundi chetu kilikuwa kimeshaukariri wote na ukumbi tumeshauomba. Nilipompigia simu kuomba ruhusa, alinijibu kwa maneno mawili: "Kuja kwanza." Mimi ni mtu wa haraka, wenzangu wananijua. Siku ya nne nilikuwa ndani ya basi.

Mutukula tulivuka asubuhi, Kampala nikalala, na kesho yake Entebbe nikapanda ndege ndogo ambayo abiria hupimwa uzito pamoja na mizigo yao. Nilisimama juu ya mizani nimekumbatia begi, watu wote wakiisoma namba yangu. Nilicheka mwenyewe kabla hawajanicheka.

Bunia, mchana. Mzee Faustin alikuwa amekuja kunipokea, shati limepigwa pasi kali, lakini macho yake yalikuwa kwenye ndege, si kwangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Jambo, mama. Rubani yenu alitua muzuri. Upepo iko nguvu leo."

Alinipeleka kwake kwa pikipiki mbili, kupitia barabara kuu yenye vumbi jekundu, maduka ya simu na akina mama wenye mabeseni ya mboga. Tulikula fufu na lengalenga, mchicha wa kwao, kisha akanitoa nje uani, ambako watu wa kikundi chake walikuwa wanaanza mazoezi. Wa kwanza alikuwa Mama Aimée, yule niliyemwona kwenye simu, mwembamba kuliko nilivyodhani. Wa pili alikuwa Gaston, fundi wa ndege wa zamani, anayechechemea mguu wa kulia. Gaston haigizi. Kazi yake ni kusoma orodha.

Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha. Kabla ya mazoezi, Gaston alifungua daftari na kuita kila kitu cha jukwaani, kama mafundi wanavyoikagua ndege kabla haijaruka. "Kiti?" Mtu akaenda, akakishika kiti, akakitikisa. "Iko." "Sufuria?" Mtu akaigusa. "Iko." Vitu kumi na vinne, na hakuna aliyejibu akiwa mbali.

"Mama, kwa siye hapa," Mzee akaniambia, "mutu anagusa kwanza, kisha njo anasema iko."

Nilimuuliza kwa nini michezo yake yote saba ni mifupi.

"Watu iko na mafuta ya quarante minutes, dakika arobaini tu. Yakiisha, utue ao uanguke."

Alinipa karatasi za mchezo nizisome, akanionya kwamba kusoma si ruhusa. Ruhusa angeitoa kwenye mji wa Komanda, tulikokuwa twende kuigiza, baada ya kuniona nikifanya kazi na watu wake. Nami nikapewa mstari wangu kwenye orodha, wa kumi na nne: bidon ya maji, yaani dumu. Nilijivuna kama niliyepewa cheo.

Siku ya tatu, alfajiri, tuliondoka kwenda Komanda. Hata kwa gari Gaston alisoma orodha, na dereva ilibidi ashuke kugusa tairi ya akiba. Barabara ilikuwa na matope, vizuizi vya askari, na malori yaliyojaa mbao. Mzee aliimba njia nzima. Alitusimulia mchezo wake mpya unaomhusu kuku anayeogopa kuruka, na Mama Aimée alicheka mpaka akaomba gari lisimame.

Komanda, saa tano. Ni njia panda ya malori na pikipiki, na jukwaa letu lilikuwa uwanja wa mahali malori yanapopumzika. Nilienda kisimani mwenyewe, nikalijaza dumu mpaka juu, nikaliweka mahali pake. Kisha nikaanza mazungumzo na wauza mihogo na madereva. Nani angenilaumu? Kila mtu alitaka kujua Bukoba iko wapi.

Saa nane Gaston akaanza kuita. Watu walishajaa, wengine juu ya malori. "Kiti?" "Iko." "Sufuria?" "Iko." Nilikuwa upande wa pili, mkononi nina muhogo wa kuchoma. "Bidon?" Nikageuka, nikaliona limesimama palepale nilipoliacha, la njano, zuri kabisa.

"Iko!" nikajibu.

Mchezo wenyewe ni huu: mji umekatika kwa mvua, helikopta ya mwisho imekuja, na mama anataka kupanda na mtoto wake. Rubani anamwambia uzito umezidi. Mama anaacha sufuria, anaacha unga, anaacha viatu. Bado umezidi. Mwishoni anajua kwamba mzigo uliobaki ni yeye. Anachukua dumu, anamnawisha mtoto uso ili afike huko msafi, kisha anamkabidhi. Kwenye simu, maji yale yalipomwagika ndipo nilipolia.

Mama Aimée alimpakata mtoto, mwanasesere wa kitenge, akaliinamisha dumu. Hakikutoka kitu. Akalipindua kabisa. Tone moja. Mtu juu ya lori akacheka, na kicheko kikaenea uwanja mzima. Baadaye tulijua kwamba dereva mmoja, injini ikimchemkia, aliyachukua maji yetu akidhani ni ya wote.

Mama Aimée hakumtazama mtu. Alilaza dumu chini, akatia ncha ya kitenge chake mdomoni, akailowesha kwa mate, akaanza kumfuta mtoto uso, polepole, nyuma ya masikio, puani. Kicheko kilikatika. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alishika mdomo wake kwa mikono miwili.

Makofi yalikuwa makubwa, lakini Mzee Faustin hakupiga. Aliwakusanya watu wake nyuma ya gari.

"Nani alijibu bidon?"

Ningeweza kumtaja dereva. Nilijua kwamba nikifungua mdomo, mchezo nimeukosa.

"Ni mimi, Mzee. Nililijaza asubuhi. Nikaliona limesimama. Sikuligusa."

Aliuonyesha mguu wa Gaston.

"Hata mi nilionaka na macho tu. Gaston aliniulizaka kifuniko ya mafuta, nikajibu iko. Sikugusa. Mafuta ikamwagika hewani, tukaanguka mu shamba ya mihogo, karibu na mji ya Kilo. Mi nilitoka muzima. Yeye, angalia."

"Mi nilimwambia aandike, anichekeshe," Gaston akaongeza. "Kule hopitali, jeshi alikuwa ameshaliacha, na kazi ya kukaa karibu na kitanda yangu akilia haikuwa na faida."

Ndivyo mchezo wa kwanza ulivyoandikwa, na wagonjwa wa wodi ndio waliouigiza.

"Mama, rudia kwenu na amani," Mzee akaniambia. "Mchezo itabakia hapa."

Nililia njia nzima ya kurudi Bunia, na sioni haya kusema.

Asubuhi ya kuondoka nilizifunga karatasi za mchezo kwenye mfuko wa nailoni, nimrudishie Mzee, nikazitia ndani ya begi. Gaston alinibebea begi mpaka uwanja wa ndege, Mzee Faustin akitusindikiza. Pale, kama kawaida yake, akafungua daftari.

"Pasipoti?" Nikaishika. "Iko."

"Simu?" Nikaishika. "Iko."

"Karatasi ya mchezo?"

Nilikuwa nimezipakia kwa mikono yangu mwenyewe. Jibu lilishafika kwenye ulimi. Nikapiga magoti, nikafungua zipu, nikaingiza mkono mpaka chini. Nguo. Kiatu. Nguo.

"Haiko, Mzee. Naapa niliiweka, lakini haiko."

Gaston alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alizitoa karatasi ndani ya koti lake, alikozificha njiani, akampa Mzee Faustin, naye akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Sasa weye unaweza. Muucheze. Na ile ya mate, muweke ndani. Aimée alinishinda."

Nilimkumbatia mbele ya abiria wote. Kwenye mizani nilipanda nikicheka, na namba yangu waliisoma tena.

Nimerudi Bukoba na somo moja: kuona si kushika, na nililipia nauli ya nchi tatu kulijua. Jumamosi tuliucheza. Ukumbi umejaa, pazia bado halijafunguliwa, simu yangu ikaita.

"Bidon?" ilisema sauti ya Mzee kutoka Bunia.

Mchezo wetu sasa hauhitaji maji. Lakini hakuniuliza kuhusu maji. Niliiacha simu juu ya kiti, nikaenda jukwaani, nikalishika dumu kwa mikono miwili, kisha nikarudi.

"Iko, Mzee."